Mchanaji unayempenda alipogeukia ngoma nzito, za siasa na maisha ya jamii, ulimpokeaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Kila rapa wetu wa Bongo Nay wa Mitego akigusa siasa, wapo wanaosema anatafuta kiki. Mimi nimemfuata tangu enzi za madongo kwa wasanii wenzake, na naona hawamtendei haki. Machi 2017 alipotoa Wapo, polisi walimkamata mkoani Morogoro na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia wimbo. Haikupita muda Waziri wa Habari wa wakati huo, Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli kaupenda, aachiwe, na wimbo upigwe. Hapo wengine wakasema basi, huu ni wimbo wa Ikulu. Lakini 2024 alitoa Nitasema, akajikuta tena mikononi mwa BASATA. Mtu wa kiki angeshachoka. Nyie mlimpokeaje, yeye au msanii wenu mwingine? Leteni yaliyowakuta.

Konda wa zamani, Mbagala:
Mkuu, nilikuwa konda njia ya Mbagala–Kariakoo mwaka huo wa 2017. Ngoma za Nay za kuponda watu zilikuwa za vijana wa siti ya nyuma, kina mama wa sokoni walikuwa wanatuambia tupunguze sauti. Ilipokuja Wapo, kina mama haohao ndio waliosema ongeza. Dereva wetu hakuwahi kumpenda Nay, ila ule wimbo aliurudia mwenyewe bila kuombwa.

Mwalimu wa Kiswahili, Dodoma:
Naomba nitofautiane kidogo. Ngoma nzito nyingi zinageuka orodha ya malalamiko, mistari inalegea kwa sababu msanii anaamini ujumbe unatosha. Sisi tuliokuwa shule 2001, rapa Professor Jay alitupandishia kiwango kwa Ndiyo Mzee. Anaigiza mwanasiasa anayeahidi vya ajabu, umati unaitikia. Tulicheka, tukaicheza, na bado tulijua anamsema nani. Nimeutumia darasani kufundisha kejeli, na watoto waliozaliwa baada ya wimbo kutoka wameuelewa bila msaada wangu. Wapo nilipoujaribu ilibidi nieleze mafumbo mengi ya wakati ule. Halafu rais akishauri msanii aongeze wakwepa kodi kwenye wimbo, kama ilivyotokea, mimi napata wasiwasi wimbo ni wa nani.

Msikilizaji, Nairobi:
Huku kwetu ilikuwa rapa King Kaka. Tulizoea kumsikia kwa Dundaing, ngoma ya kurukaruka kwenye matatu. Desemba 2019 akaachia Wajinga Nyinyi, maneno ya kusemwa badala ya kuimbwa, juu ya ufisadi na sisi tunaowapigia kura haohao. Gavana Waiguru wa Kirinyaga akatishia kumshtaki. Nilimwekea baba sebuleni. Akakasirika sana, kijana wa rika la watoto wake anawaitaje watu wazima wajinga? Kesho yake akaniomba nimwekee tena, na akawa anaisimamisha kila baada ya mistari michache ili abishane nayo. Baba hajawahi kusikiliza rap mpaka mwisho, kabla ya hapo wala baada.

Mwanzisha mada:
Mwalimu, hoja ya mistari kulegea nakubaliana nayo kabisa. Ya rais sikubali, maana Nay alishauimba kabla Ikulu haijasema neno, na alishalala mahabusu kwa ajili yake. Konda, huyo dereva alikuwa anarudia wapi hasa, mwanzo au kiitikio? Na watu wa Mwanza na Mombasa bado hatujawasikia.