Naomba ushauri: mtutu wa pembenyingi au wa mifereji ya kawaida?

Wakuu, habarini. Niko Texas, nina raifo ya .308 ya kuwindia kulungu na kulengea shabaha. Mtutu umechoka: mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, pale inapoanzia, mbele tu ya chemba (risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), pamepasukapasuka kama tope lililokauka, na risasi zimeanza kutawanyika.

Fundi ananipa chaguo mbili. Mtutu wa kawaida una kingo kali zinazoing'ata risasi. Wa pembenyingi hauna kingo, ndani ni miinuko laini tu, hivyo shaba haipati pa kung'ang'ania na kusafisha ni rahisi. Hilo nalikubali. Ila watu wakianza kunisifia kwamba pembenyingi huongeza kasi ya risasi, hapo nasita; washindani wengi wa shabaha bado wako na mifereji ya kawaida, ingawa Heckler & Koch, watengeneza silaha wa Ujerumani, waliweka pembenyingi kwenye PSG1, raifo yao ya wadunguaji. Glock, watengeneza bastola wenye mitutu ya pembenyingi, wanakataza risasi zisizovikwa shaba kwenye mitutu yao, lakini mimi natumia zilizovikwa, zenye uzito wa greini 168.

Waliotumia yote miwili: tofauti mnaiona kwenye mita 300? Au nimtazame zaidi anayeutengeneza kuliko umbo? Na mtutu wa 5R, wenye mifereji mitano na kingo zilizoinamishwa, vipi?