Jiji la Dodoma litaishi kwa kuuza viwanja mpaka lini?

Wadau, hoja hii najua ina wapinzani wengi, na hao ndio nataka kuwasikia.

Ukigusa hali ya fedha ya Jiji la Dodoma, utaambiwa jiji lina hela, lilishaongoza nchi. Ni kweli, mwaka wa fedha 2018/19 lilizipita hata manispaa za Dar es Salaam kwa mapato ya ndani. Lakini hela ile ilitoka wapi? Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ardhi yake ikaja halmashauri. Serikali nayo ilikuwa inahamia Dodoma, kila mtu anatafuta kiwanja. Jiji likapima, likauza.

Shida yangu iko hapa. Kiwanja kikishauzwa, jiji halina kodi ya kukidai kila mwaka. Pango la ardhi linakwenda serikali kuu. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa ya halmashauri, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme, na kuingia serikali kuu pia. Barabara sawa, ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, lakini taka, zahanati na madarasa ya mtaa ule mpya bado ni mzigo wa jiji. Yaani kadiri linavyouza, ndivyo linavyojiongezea watu wa kuwahudumia.

Kuna wanaosema wanunuzi hao ndio walipa ushuru wa kesho. Kwa wenye biashara nakubali, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo utapatikana. Ila viwanja vingi ni vya makazi. Wengine wanataja vitega uchumi, kama hoteli ya jiji na jengo lake la Mtumba, kule Mji wa Serikali. Hapo naunga mkono kabisa, kubadili ardhi kuwa mali inayoingiza kitu kila mwezi ni akili. Basi hesabu za kila jengo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, tuone limeingiza nini na limekula nini.

Mapendekezo yangu: fedha za viwanja ziwe na akaunti yake, zilipe fidia, upimaji na vitega uchumi tu, zisiguse posho wala mafuta ya magari. Na kodi ya majengo irudi jijini.

Najua jibu litakuja kwamba halmashauri zilishindwa kuikusanya, na LUKU inamfikia kila mtu. Sawa, LUKU ibaki kukusanya, lakini mita inajulikana iko kata gani, hela iende moja kwa moja kwenye halmashauri ya hapo. Na kiwango kiangaliwe upya. Leo mpangaji wa chumba kimoja akinunua umeme anakatwa 1,500 ya mwezi, akiwa hajanunua miezi miwili anakatwa malimbikizo, wakati kodi ni ya mwenye nyumba. Jumba kubwa la kifahari lisilo na ghorofa nalo linalipa 1,500 hiyo hiyo. Kwa utaratibu huo hata ikirudi jijini itakuwa ndogo.

Mnaoona serikali kuu iendelee kuishika kodi hii na kuzirudishia halmashauri mgawo, nielezeni: bajeti ya jiji itapangwaje wakati mkurugenzi hajui mgawo utafika lini na ni kiasi gani?