Mjadala: Wanetu wanaosaidiana hesabu kwenye simu, tuwaache au tuwazuie?

Mzazi wa Langoni, Lamu (mfungua mjadala)

Assalaam alaykum jamaa wa Amu na wa Malindi, na salamu kwa wote.

Likizo hii, kwenye kikao cha wazazi wa shule moja hapa kisiwani, lilitolewa pendekezo kwamba kila mzazi amtoe mwanawe kwenye magrupu ya WhatsApp ambamo wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne husaidiana hesabu. Sababu zilikuwa tatu: wanapeana majibu, wanapiga soga usiku, na wavulana na wasichana wamechanganyika. Wengi waliinua mkono kuunga. Mimi sikuinua, na nataka nieleze kwa nini, kisha wenye rai nyingine nao waseme.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Simu anayotumia ni yangu, kwa hivyo yanayoandikwa humo nayaona. Usiku mmoja lilikuja swali la latitudo na longitudo. Miji miwili iko kwenye latitudo 60° Kaskazini, mmoja longitudo 10° Magharibi, mwingine 50° Mashariki. Tafuta umbali kati yao kwa maili za baharini ukifuata latitudo hiyo. Binti akajumlisha 10 na 50, akazidisha kwa 60, akaandika 3,600. Akapiga picha daftari, akaituma.

Mwenzake mmoja wa Matondoni hakumwambia "umekosa, jibu ni hili." Alimtumia sauti: "Chukua chungwa, chora mstari ulizunguke katikati. Chora mwingine karibu na kikonyo. Mizunguko hiyo ni sawa?" Kukawa kimya. Mwingine akauliza, "Kwani hiyo 3,600 ni ya wapi?" Binti akajibu mwenyewe: ya ikweta, ambako kila digrii moja ni maili 60 za baharini. Akarudi kwenye daftari, akaizidisha kwa kosaini ya 60, ambayo ni nusu na ndiyo inayoonyesha mzunguko wa latitudo hiyo ulivyopungua, ikatoka 1,800. Baadaye akaingia mtoto aliyechelewa akauliza swali lilelile, na binti yangu ndiye aliyemfundisha, kwa maneno yake, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ilhali swali lenyewe limeandikwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipojua amelishika.

Kisha wakahamia kwenye habari za nani kiatu chake kimeanguka majini akishuka boti Mokowe. Wakacheka, wakataniana, na katikati ya utani mmoja akasema, "Jamani, mimi lile la vekta bado." Wakarudi kazini.

Kikaoni nilisikia watu wakisema hesabu sawa, soga hapana. Mimi naona vitu hivyo viwili havitengani. Mtoto anayeona haya kuinua mkono katika darasa lililojaa atamuuliza yule aliyekuwa akicheka naye dakika tano zilizopita. Ukiiondoa ile soga, umeondoa ujasiri wa kusema "sijaelewa."

Na hili halikuanza na simu. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwanahesabu Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi, watu wa bidii na waliotoka shule zao wakiwa mbele, walikuwa wakianguka kalkulasi, na wenzao wa asili ya Kichina wakifaulu. Alipochunguza wanavyosoma, akakuta wale wa kwanza kila mmoja anajifungia peke yake, masomo kando na urafiki kando. Wale wa pili walikuwa wakifanya maswali kila mtu kwake, kisha wakikutana, wakila pamoja, wakilinganisha daftari na kukosoana, na mazungumzo ya maisha yakiwa humo humo. Treisman akaanzisha madarasa ya kufanya kazi kwa makundi, na matokeo ya wale waliokuwa wakianguka yakapanda.

Hesabu nayo haikimbiliki. Iliposikika kwamba somo hili lingekuwa la hiari katika sekondari ya juu ya mtaala mpya, watu walipiga kelele, na 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba kila mwanafunzi atalisoma, kwa namna mbili: moja ya wanaofuata sayansi, nyingine ya waliobaki.

Ninachokikataa mimi ni kutumiana jibu zima. Karatasi ya hesabu ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yenyewe inamwambia mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na kwamba anaweza kupewa alama kwa kazi sahihi hata jibu likiwa na kosa. Mtoto aliyetumiwa jibu tupu amepewa kitu ambacho hata msahihishaji hakitafuti peke yake. Kwa hivyo sheria ya grupu iwe moja: tuma mahali ulipokwama, na anayekusaidia akusaidie hapo tu. Semeni.

Mama wa wanne, Mkomani

Wa alaykum salaam ndugu yangu wa Langoni. Nimekusoma, na lile chungwa limenipendeza, lakini umetuonyesha usiku mmoja mzuri. Nami nikuonyeshe wangu.

Mimi ninaye mvulana wa kidato cha tatu. Saa sita za usiku simu inawaka chini ya shuka. Ukimuuliza, hesabu. Ukiichukua, unakuta hesabu ilikwisha saa tatu, na yaliyofuata hayana hata namba moja. Asubuhi hakuamka kwa alfajiri, na darsani alikuwa akisinzia.

Halafu kuna linki. Grupu linaanza na watoto kumi wanaojuana. Mmoja anatuma linki kwa binamu, binamu anaituma kwingine, na mwezi haujaisha kuna namba isiyojulikana humo inayotangaza karatasi za mtihani zinazouzwa Telegram. Baraza la Mitihani limeonya miaka yote kwamba hao ni matapeli. Lakini mtoto mwenye hofu ya mtihani hasikii onyo, anasikia bei.

Kuhusu wasichana sitasema mengi, mji wetu ni mdogo. Msichana mmoja wa jamaa zetu aliandika utani tu, mtu akaupiga skrinishoti, akakata ya juu na ya chini, ukazunguka mitaani. Hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa grupu la hesabu. Baba yake alimnyang'anya simu na mpaka leo hajamrudishia. Niambie, hapo nani alisaidiwa?

Na la mwisho, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Dada yangu ameolewa Kizingitini. Simu ya nyumba yao ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haipokei picha wala sauti hizo. Shule zikifunguliwa wenzao wanazungumza maswali waliyoyatatua likizo nzima, na watoto wa dada yangu hawajui lolote. Mwalimu akiona wengi wameelewa, anapita. Hiyo misaada yenu inawaacha nyuma watoto ambao tayari wako nyuma.

Mwalimu wa hesabu, kisiwani

Mimi nasimama kati, ingawa namwelekea zaidi Bi Mkubwa wa Mkomani, kwa sababu nyingine kabisa.

Kosa likizungumzwa kwa kujiamini husafiri haraka kuliko sahihi iliyosemwa kwa woga. Muhula uliopita nilisahihisha daftari, na karibu nusu ya darasa imeandika kwamba logi (kipeo cha 10 kinachotoa namba) ya jumla ya namba mbili ni jumla ya logi zao. Sikufundisha hivyo, na hakuna kitabu kinachosema hivyo. Logi ya namba mbili zilizozidishwa ndiyo sawa na jumla ya logi zao. Jaribu na 10 na 10: logi ya kila moja ni 1, jumla ni 2, na 2 ndiyo logi ya 100, ambayo ni 10 mara 10. Logi ya 20 ni kama 1.3. Nilipouliza wamelitoa wapi, likaja jina la mtoto mmoja tu, mzungumzaji hodari, ambaye wote wanamwamini. Ilinichukua vipindi vyangu vizuri kulifuta, maana kung'oa ni kazi kuliko kupanda.

Niliwahi kuingizwa kwenye grupu lao. Wakanyamaza siku ile ile. Nilibaki mimi na salamu zangu za asubuhi, wao wakafungua jingine. Nikajitoa. Tena mwalimu kuchati na wanafunzi usiku ni jambo nisilolitaka, kwa heshima yao na yangu.

Na ile sheria yako, ndugu, ya kutuma ulipokwama: sasa kuna programu za kupiga picha swali na hatua zote zikashuka zenyewe. Mtoto anazinakili kwa mkono wake, anapiga picha, anatuma. Utajuaje?

Aliyemaliza shule, Malindi

Shikamooni wazee wangu.

Mimi nilikuwa bweni, na bwenini simu ni marufuku, kama mjuavyo. Kwa hiyo grupu letu liliishi likizo tu. Na likizo, masomo ya ziada yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Wenye uwezo bado wanaita mwalimu nyumbani kimyakimya. Sisi wa Gongoni na Mambrui tungemwita nani, na kwa pesa gani? Tuliitana wenyewe. Mkilifunga grupu, mtoto wa tajiri hatapungukiwa na kitu.

Mwalimu ameuliza utajuaje. Unamuuliza "kwa nini." Sisi mtu akituma hatua saba safi kama zimepigwa chapa, kuna mmoja wetu alikuwa anauliza, "Hatua ya tatu umeipataje?" Aliyenakili hana jibu. Hakuna aliyetukanwa, lakini ukishaulizwa hivyo mara moja, mara ya pili unakuja na kazi yako. Hata huko kwa wakubwa mambo ni hayo. Math Stack Exchange, mtandao wa maswali ya hesabu ulioanza 2010, ukitupa swali la shule bila kuonyesha ulichojaribu, wanalifunga.

Kuhusu kuchati, nisiwadanganye, tulichati sana. Mpira, mapenzi, kila kitu. Lakini wale niliochati nao ndio walionipigia simu nilipoanguka moki, ule mtihani wa majaribio, wakaniambia tuanze na milinganyo, hujachelewa. Mwalimu wangu, Mungu amlipe, alikuwa na madarasa matatu na asingeweza kunipigia mimi.

Mzazi wa Langoni

Nawashukuru nyote. Nijibu kwa yale yaliyonigusa.

Mwalimu, kosa la logi ni la kweli na nalichukulia kwa uzito. Lakini tazama ulivyoligundua: watoto wengi wameandika kosa moja, ukaliona, ukalifuta mara moja kwa wote. Lingekaa kichwani mwa mtoto mmoja mmoja, kila mmoja na lake, ungeliona lini? Mwaka 2009 Timothy Gowers wa Cambridge, mwenye medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahesabu, aliliweka wazi mtandaoni tatizo gumu la hesabu na akawaalika watu walifanye pamoja, kila mtu aandike wazo lake hata kama ni nusu, hata kama litageuka kuwa bovu. Katika wiki zipatazo saba wakawa wamepata uthibitisho, na makala ikatoka kwa jina la pamoja, D. H. J. Polymath. Mawazo mabovu yalikuwepo, na yalikuwa mahali ambapo mwingine aliweza kuyaona na kuyakosoa. Ninachokuomba si uingie grupuni. Shule zikifunguliwa, wape dakika kumi za mwanzo, walete maswali ambayo likizo walibishana bila kukubaliana. Hapo utaona ya logi kabla hayajaota mizizi.

Bi Mkubwa wa Mkomani, mambo ya usiku na linki nakubaliana nawe kila neno, na sioni kwamba yanahitaji grupu lifungwe. Yanahitaji sisi wazazi tuwepo. Kwetu simu haiingii chumbani. Watoto wa mtaa watatu wanne hukaa dakani, pale kwenye baraza ya mlangoni, baada ya isha, simu moja, daftari mikononi, na saa tatu na nusu inarudi kwangu. Mimi niko ndani, nawasikia. Linki imefungwa; anayeingia huongezwa na admini kwa mkono, na lazima awe mtu tunayemjua nyumbani kwao. Wasichana wana lao, na admini wake ni shangazi wa mmoja wao. Wavulana wana lao. Swali likiwashinda hawa, shangazi hulipeleka kule na kurudi na maelezo. Soga inabaki, kila upande na yake.

Na yule msichana aliyekatiwa maneno yake, mimi naona amedhulumiwa mara mbili. Aliyekata na kusambaza hakunyang'anywa simu. Kikao kingeanza na huyo.

Kuhusu Kizingitini: daka moja na simu moja kwa watoto wanne watano inawezekana huko pia.

Mama wa wanne, Mkomani

Ya linki, ya saa tatu na nusu na ya wasichana kuwa na lao nayakubali, na mwanangu ataanza kuja dakani kwako kuanzia kesho, kama una nafasi. Simu nitamnyang'anya leo hii.

La Kizingitini umelipitia juu juu, ndugu yangu. Daka wanalo. Simu ya kupokea picha hawana, na bando la wiki kwa nyumba ya mvuvi wakati wa kusi, bahari ikichafuka, ni pesa ya unga. Kikao kile kina mfuko wa wazazi, na kila mwaka unanunua viti na kupaka rangi lango. Simama uombe mfuko huo ununue simu moja Kizingitini, moja Ndau, moja Kiunga, ziwekwe kwa mtu mzima anayeaminika, na bando lilipwe likizo zote tatu. Ukilisema hilo, pendekezo la kuwatoa watoto grupuni nitalipinga pamoja nawe. Usipolisema, mkono wangu utabaki ulipokuwa.