Siku moja ya familia kwenye utamaduni wa Uganda: Ndere, Makumbusho au Igongo?

BabaZuhura (Naalya)
Salamu kwenu nyote. Sisi ni Watanzania tuliohamia Kampala mwaka jana kwa sababu ya kazi, na hadi leo watoto wetu wanaijua Uganda ya shuleni, ya maduka makubwa na ya foleni ya Northern Bypass tu. Dar es Salaam tulizoea kuwapeleka Kijiji cha Makumbusho, ambako mtoto huingia katika msonge wa Wahaya, akatoka akaingia nyumba ya Wazaramo, kisha akamalizia siku kwenye ngoma. Natafuta mahali pa namna hiyo hapa kwa Jumapili ijayo. Nimetajiwa Ndere, Makumbusho ya Uganda na Igongo. Mnanishauri wapi?

MamaBahati (Makindye)
Baba Zuhura, karibu Kampala. Umetaja majina matatu ya mahali, lakini hukutuambia watoto ni wangapi, wana umri gani, kama mna gari, wala mnatarajia kurudi nyumbani saa ngapi. Mtoto wa miaka minne na wa miaka kumi na minne hawafurahishwi na kitu kimoja. Jaza kwanza hayo, ndipo tushauriane.

Mkazi_wa_Kisaasi
Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo, kwa kuwa Ndere, kikundi cha ngoma, kinamfaa kila mtu. Kikundi hicho kilianzishwa na Stephen Rwangyezi katika miaka ya themanini, na jina lake linatokana na endere, yaani filimbi. Katika jioni moja mtaona bakisimba ya Buganda, ekitaguriro ya Ankole ambayo wachezaji huinua mikono kama pembe za ng'ombe wao, bwola ya Waacholi, na wasichana wanaocheza huku wamebeba mitungi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kichwani. Kabla ya kila ngoma mnaelezwa inatoka wapi na huchezwa kwa ajili gani, tena kwa mzaha mwingi. Nimekwenda mara sita na wanangu bado wananidai ya saba.

Mwalimu_Mstaafu (Mukono)
Ndugu yangu wa Kisaasi ameeleza vizuri, ila ameacha kusema kwamba onyesho la Jumapili huanza jioni, kwa kawaida kama saa kumi na mbili, na huisha usiku. Mwenye watoto wa shule afikirie Jumatatu yake. Kinachofanana na kile kijiji cha Dar es Salaam ni Makumbusho ya Uganda, pale Kitante kwenye barabara ya Kira. Yalianzishwa mwaka 1908 katika kilima cha Old Kampala, yakahamia jengo la sasa mwaka 1954, na nyuma ya jengo kuna kijiji cha nyumba za jamii mbalimbali za nchi hii, zenye vyombo vyake ndani. Chumba cha ala za muziki peke yake kinatosha kuwashughulisha watoto kwa muda mrefu. Zamani watu wa hapa waliyaita Enyumba ya Mayembe, kwa sababu hirizi na vifaa vya waganga ndivyo vilivyokusanywa humo mwanzoni. (Mswahili akilisikia jina hilo atadhani anapelekwa kula maembe.)

BabaZuhura
Asanteni. Watoto ni watatu, wa miaka minne, tisa na kumi na mitatu, na tuna gari dogo. Nilisahau kueleza kwamba tutakuwa na mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Ana matatizo ya magoti na hasikii Kiingereza. Nawaomba pia jambo hilo la hirizi lisifike masikioni mwake, kwa maana hatavuka kizingiti.

MamaBahati
Mama mkwe hasahauliki, shemeji. Huyo ndiye mgeni wa siku, sisi wengine ni wasindikizaji. Swali lililobaki ni moja tu: wapi ataketi kwenye kiti chenye mgongo, na nani atamfasiria?

Kijana_wa_Biharwe
Hakuna aliyeitetea Igongo, basi nitaitetea mimi. Ipo Biharwe, kilomita chache kabla ya Mbarara ukitokea Masaka, ina makumbusho yanayoitwa Eriijukiro, mikahawa ya chakula cha Kinyankole na bustani pana. Hapo karibu kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520, tukio ambalo masimulizi ya falme za magharibi mwa Uganda yamelihifadhi kwa karne tano. Njiani mtasimama Kayabwe, watoto wapigwe picha kwenye mstari wa ikweta. Mama mkwe atakunywa maziwa ambayo Kampala hayapo.

Mkazi_wa_Kisaasi
Kutoka Naalya mpaka Biharwe ni zaidi ya kilomita 250. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na magoti hayo ndani ya gari dogo, huko ni kumwadhibu mzee wa watu.

Atoti_wa_Bugolobi
Naomba niwasimulie yaliyonipata, ili Baba Zuhura asiingie shimo lile lile. Mimi ni Mkenya, na kwetu nilizoea Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni cha Nairobi, ambako saa ya ngoma ilijulikana na ilifuatwa. Miaka miwili iliyopita niliwapeleka watoto na wazazi wangu katika kijiji kimoja cha utamaduni nje ya mji, ambacho sitakitaja. Nilipiga simu mapema, nikaambiwa ngoma huanza saa nne asubuhi. Tulifika saa tatu na nusu. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, na kila nilipouliza niliambiwa wachezaji wanavaa. Saa saba mvua ikanyesha, tukajibana watu wazima wanne na watoto watano ndani ya kibanda ambacho paa lake la nyasi lilikuwa la maonyesho tu, kwa kuwa lilivuja kila pembe. Chakula tulichoagiza kilikuja saa tisa, luwombo ya kuku ambayo ndani ya jani la mgomba ilikuwa na shingo na mabawa. Saa kumi likaingia basi la watalii, na ndani ya dakika kumi ngoma zikalia. Wachezaji walikuwapo siku nzima, tumeketi nao ukuta kwa ukuta. Baba yangu, ambaye ni mpole kupita kiasi, aliuliza swali moja tu: "Kumbe sisi si wageni?" Na tulipokuwa tunatoka tukadaiwa malipo ya picha tulizopiga kwa simu zetu wenyewe. Tangu siku hiyo siendi mahali ambapo ratiba ipo kinywani mwa mtu.

Mkazi_wa_Kisaasi
Pole sana, dada, lakini kosa la kijiji kimoja lisivibebeshe lawama vijiji vyote. Ndere onyesho lina siku zake na saa yake, hata wakija watu ishirini tu.

Mwalimu_Mstaafu
Kisa cha Atoti kinanikumbusha kwamba tunachanganya mambo mawili, yaani ngoma inayochezwa kwa ajili ya tiketi na mahali ambapo mila inaishi yenyewe. Kama watoto wanataka cha pili, wapelekwe Kasubi, hapa Kampala, walikozikwa makabaka (wafalme wa Buganda) wanne, kuanzia Muteesa wa Kwanza. UNESCO iliyaweka makaburi hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, moto ukaiteketeza nyumba kuu Machi 2010, na baada ya ujenzi mrefu yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Ndani ya paa mna pete 52, kwa idadi ya koo za Buganda. Heshima ya pale hakuna anayeiigiza.

MamaBahati
Mwalimu, heshima hiyo ina masharti yake. Viatu huvuliwa, mwanamke hujifunga kitambaa, na ndani watu huketi chini, tena mwanamke akikunja miguu. Kanga mama wa Tanga anazo, za kutosha hata kutuazima. Magoti ndiyo hana.

Mwalimu_Mstaafu
Mzee mgonjwa halazimishwi. Angeelezwa mlinzi wa mahali, naye angeelewa.

Atoti_wa_Bugolobi
Angeelezwa kwa lugha gani? Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, lakini mimi bado sijapata mwongozaji aliyenieleza kitu kwa Kiswahili kuanzia mlangoni hadi mwisho.

Mwalimu_Mstaafu
Mimi ni Mganda na ninakuandikia kwa Kiswahili, dada yangu. Baadhi yetu tulikipenda kabla ya sheria. Hata hivyo, nakubali kwamba Baba Zuhura ajiandae kufasiri, na hilo ni rahisi zaidi makumbusho, ambako unasimama mbele ya kitu kwa muda unaoutaka, kuliko katikati ya onyesho ambako kila mzaha utamfikia mama wakati wengine wameshamaliza kucheka.

Mkazi_wa_Kisaasi
Ngoma haihitaji mfasiri.

MamaBahati
Kokote mtakakokwenda, chukueni vitambulisho vyenu. Sehemu nyingi hapa zina kiingilio cha mgeni wa nje na kingine cha mwana wa Afrika Mashariki, na lafudhi ya Tanga haikubaliki kuwa ushahidi.

BabaZuhura
Nimewasomea wote nyumbani. Nilipendekeza makumbusho asubuhi, chakula na mapumziko nyumbani, kisha Ndere jioni, lakini mke wangu anasema yule wa miaka minne atalala kabla ya ngoma ya pili na nitambeba mimi. Yeye anataka twende Entebbe kwenye wanyama. Mama mkwe naye, baada ya kutusikiliza kimya siku mbili, amesema utamaduni anao kwao, na kwamba akitoka Uganda bila kuuona mto Nile hatakuwa na la kuwaambia majirani.

Mwalimu_Mstaafu
Basi mpelekeni Jinja, na njiani mwingie maporomoko ya Ssezibwa, karibu na kwetu Mukono. Ni mahali pa mila pa Buganda. Wanasimulia kwamba mwanamke aitwaye Nakkungu alizaa mapacha ambao walikuwa mito, na mmoja wao ndiye Ssezibwa. Watoto watapata simulizi, mama atapata maji mawili kwa siku moja.

Kijana_wa_Biharwe
Jinja inakubalika, ila Biharwe ni mbali?

MamaBahati
Mwalimu, pale Ssezibwa njia ya kupandia juu ya maporomoko si mawe na mteremko?

Mwalimu_Mstaafu
Ni mawe, ndiyo. Lakini chini kuna nyasi, na kiti mnaweza kubeba.