Madirisha ya boti ya matanga yanavuja: nizibe, nibadili kioo tu, au niagize mapya?

Boti ya Shela
Assalam alaykum wakuu. Nina boti ya matanga ya faiba, futi 31, ya mwaka 1978, imetia nanga upande wa Manda, Lamu. Madirisha manne ya ubavuni yamejaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Masika iliyopita vitanda vyote viwili vililowa. Kifuniko cha falka ya mbele, yaani tundu la sitaha la kuingilia chumba cha chini, nacho hutona tukipigwa na wimbi njia ya Kiwayu. Fremu ni za alumini. Nimeshauriwa mambo matatu: kupaka silikoni kwa nje, kubadili kioo na kubakiza fremu, au kuagiza vyote vipya kutoka ng'ambo. Nataka kazi iishe kaskazi hii, kusi isinikute wazi.

Fundi Faiba, Malindi
Wa alaykum salaam. Silikoni ya juujuu usiiguse. Maji huingia huku yakatonea kule, kwa hiyo utaziba pasipohusika, na ile silikoni huacha utelezi ambao gundi nyingine haishiki kamwe. Mimi nimekwangua uchafu huo siku mbili nzima kwenye boti ya mteja.

Tena kabla hujachagua lolote, chukua mpini wa bisibisi ugonge sitaha kuzunguka falka. Ikilia kavu, shukuru. Ikilia kama gunia lililolowa, ndani pameoza. Boti nyingi za umri huo zina balsa (mbao nyepesi sana) au plaiwudi kati ya tabaka mbili za faiba, na aliyetoboa tundu la falka mara nyingi hakuziba ule ukingo. Chimbua mbao mbovu, acha pakauke kabisa, jaza epoksi iliyokazwa kwa unga wake. Usipofanya hivyo, hata kifuniko kipya kitavuja.

Bint Amu
Naunga mkono kubadili kioo peke yake, ikiwa fremu hazijapinda. Nyufa hizo ni za jua na dawa za kusafishia. Swali ni akriliki au polikaboneti, maana kioo cha boti ni plastiki angavu ya aina mojawapo ya hizo. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika, lakini isiyopakwa kinga hukwaruzika upesi na jua letu huigeuza manjano. Akriliki hustahimili jua zaidi. Kwa ubavuni mimi ningeweka akriliki, tena ile ya kumiminwa. Peleka kioo cha zamani kiwe kipimo, na unene uwe uleule ili kipya kiingie kwenye fremu.

Usisafishe kwa thina wala asetoni! Maji na sabuni yanatosha.

Mzee wa Jahazi
Wanangu, mimi ni wa mbao. Jahazi tunalikalafati kwa pamba, na ubao ukilowa huvimba ukajifunga wenyewe. Plastiki haina hisani hiyo. Kwa nini falka isifunikwe kwa mtiki? Mafundi wa Matondoni hawashindwi na kifuniko cha namna hiyo.

Fundi Faiba, Malindi
Mzee, heshima yako. Kifuniko cha mbao kitakuwa imara, ila chumba cha mbele kitakuwa giza mchana kutwa. Na hilo la kuvimba ndilo lenye kazi: akriliki ya mita moja hurefuka karibu milimita 2 joto likipanda digrii 30, na sitaha ya Lamu saa nane mchana hupanda hivyo kwa urahisi. Ndiyo maana kioo kinachoshikwa kwa skrubu hutobolewa matundu mapana kuliko skrubu, na gundi haikamuliwi yote ikatoka. Acha unene wa gundi kama milimita 3.

Kati ya fremu na faiba tumia utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata. Haukauki, na siku ukitaka kufungua hautakutesa. Kioo kisicho na fremu ndicho kinachotaka gundi kama Sikaflex 295 UV pamoja na praima yake, yaani dawa ya kupaka kwanza ili gundi ishike. Gundi ya polisalfaidi weka mbali na plastiki, inaila. Skrubu za chuma cha pua zipake mafuta ya kuzuia kutu zisilane na alumini.

Nanga Mbili
Kuagiza vipya nilijaribu. Vipimo vya tundu havikulingana, pembe zake zilikuwa na mviringo mwingine, ikabidi nikate sitaha. Kisha ushuru Mombasa, kisha usafiri hadi Lamu. Afadhali tu kama bawaba zimekatika au alumini imeliwa. Falka za kampuni ya Lewmar unaweza kununulia akriliki na mpira wake wa kuziba maji pekee, kwa hiyo soma jina kwenye fremu kwanza.

Boti ya Shela
Nimegonga leo maji yalipokupwa. Ubavuni pote pakavu. Falka, pembe ya kulia upande wa omo (mbele ya boti), panalia gunia kiasi cha kiganja. Bawaba ni nzima, mpira umekuwa mgumu kama ukuni. Basi nabakiza fremu zote, nabadili akriliki na mpira, na Jumamosi naanza kuchimba ile pembe. Mzee, kifuniko cha mtiki nitakitaka pia, cha kufunika juu ya falka boti ikilala miezi ya kusi. Nitakuja Matondoni na vipimo.