Bima wanataka kumlipa milioni 3.5: asaini au twende mahakamani? (Pemba)

MtuWaWete: Assalaam alaykum wanajamvi. Mdogo wangu kagongwa na gari ya abiria njia ya Chake–Wete, muundi umevunjika. Bima ya gari ile wanataka kumpa milioni 3.5, karatasi ya kusaini wameshaleta na wanaitaka Jumatatu. Wazee wanasema achukue, mimi nataka tufungue kesi. Kipi bora?

BintiVuga: Waalaykum salaam. Ndugu, la maana hujasema hata moja. Ajali ya lini? PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ipo? Trafiki walichora ramani ya ajali? Dereva kashitakiwa? Mdogo wako alikuwa abiria, au anaendesha chombo chake? Anafanya kazi gani, na mfupa umeshaunga? Bila ya haya hatuwezi kukwambia milioni 3.5 ni nyingi au ni kidogo.

MzeeWaBaraza: Chukueni. Kesi ya madai inakwenda miaka, na ukishindwa unabebeshwa gharama za mwenzio. Bora muite sheha (kiongozi wa shehia), mwenye gari na dereva, mkae, mwenye gari aongeze chochote juu ya bima. Watu wa kisiwa kimoja hao.

Karani_Mstaafu: Mzee wangu, kukaa kwa sheha hakuna ubaya, tatizo ni karatasi inayoandikwa pale. Likiingia neno "tumesameheana, hatudaiani", bima atalishika hilo hilo. Na dereva akiahidi fedha bila ya kumshirikisha bima wake, bima anapata pa kushikia kusema masharti ya mkataba yamevunjwa.

AbuuKonde: Kwa nini asidai diya, yaani fidia ya kuumizwa kwa sheria ya Kiislamu, kwa Kadhi? Huko mambo mepesi.

BintiVuga: Abuu, Mahakama ya Kadhi inashughulika na ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Madai ya kuumizwa barabarani yanakwenda mahakama za kawaida, ya Wilaya, ya Mkoa au Mahakama Kuu, kwa kiwango cha fedha kinachodaiwa.

MtuWaWete: Samahanini. Ajali ina miezi mitatu. Alikuwa kwenye vespa, helmeti hakuvaa na leseni ilikuwa imekwisha muda. Gari ilikuwa inaipita nyengine kwenye kona, ikamkuta upande wake. Dereva kakiri kosa mahakamani, kapigwa faini. Mdogo wangu ana chuma mguuni. Nje ya msimu ni fundi uashi, msimu ukifika anachuma karafuu. Barua ya bima juu imeandikwa "bila ya kuathiri haki". Si ndiyo wamekiri?

BintiVuga: Hapana, maneno hayo yana maana kwamba barua ni ya mazungumzo ya suluhu tu, na huwezi kuipeleka mahakamani ukasema wamekiri. Kilicho na uzito ni kile dereva alichokiri yeye. Chukueni nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama. Kesi ya jinai ilitaka ithibitike bila ya shaka. Ya madai inatazama upande upi una uwezekano zaidi. Mmeshavuka mlima mrefu.

Helmeti isikutishe. Uzembe wa mdai unapunguza fidia pale tu ulipochangia jeraha lenyewe, na helmeti haikingi muundi. Angeumia kichwa, hapo sawa. Leseni ni hivyo hivyo: ni kosa lake kwa trafiki, lakini haikuileta gari upande wake.

Karani_Mstaafu: Mimi naogopa karatasi ya Jumatatu kuliko yote. Kuna kijana alivunjika paja, akasaini mwezi wa nne baada ya ajali. Karatasi ilisema malipo ni "kamili na ya mwisho kwa madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana". Hakusomewa, alioneshwa pa kutia saini tu. Mwezi wa tisa chuma kikaanza kutoa usaha, kikabidi kitolewe, mfupa usafishwe, na mguu ukabaki mfupi. Alipokwenda kudai tena, bima wakatoa nakala ile, na wakili akamwambia mlango umefungwa. Fedha zote zilikwishia kwenye nauli za boti na dawa. Mfupa wenye chuma usiusainie mpaka daktari aandike mambo matatu: umeunga au la, chuma kitatolewa lini na kwa gharama gani, na ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi.

Mtetezi_Chake: Mimi ningeishitaki bima moja kwa moja. Na muda upo, si miaka mitatu?

BintiVuga: Mawili hayo yote si sawa. Mkataba wa bima ni wa mwenye gari. Unamdai dereva, na mwenye gari kwa sababu dereva alikuwa kazini kwake. Bima unampa notisi ya maandishi mapema, na hukumu ikitoka ndipo inamfuata. Miaka mitatu ni ya sheria ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, ya Bara. Zanzibar ina yake, kwa hiyo wakili aihesabu siku ya kwanza. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa.

Karani_Mstaafu: Na risiti. Hasara mahususi, yaani fedha zilizotoka na kipato kilichopotea, lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1992. Maumivu na ulemavu ni fidia ya jumla, hayo anayapima hakimu. Tuseme uashi ni shilingi 20,000 kwa siku: siku 26 kwa mwezi, miezi mitatu ni 1,560,000, lakini nani atathibitisha?

MtuWaWete: Risiti za dawa zipo, za boti tulitupa. Karafuu analipwa kwa pishi (kipimo cha ujazo), hakuna karatasi.

AbuuKonde: Mwenye shamba ana daftari la wachumaji. Aje atoe ushahidi.

MzeeWaBaraza: Mwenye shamba gani ataacha karafuu juani akae mahakamani? Na madaftari ya siku hizi, pishi zenyewe hazilingani.

 

Mtetezi_Chake: Kama wakili ni ghali, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana ofisi hapa Chake.

MtuWaWete: Ahsanteni. Jumatatu hasaini. PF3 ya asili waliichukua watu wa bima, sisi hatukubaki hata na nakala. Kituoni watatupa nyengine?