PCM nilipata A ya Hesabu, chuoni Analisisi inanitoa jasho. Nihame kozi au nikaze?

Kijana wa PCM

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa kwanza, Shahada ya Sayansi katika Hisabati, chuo kimoja cha serikali. Advansi nilisoma PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), na Hesabu nikapata A. Njia yangu ilikuwa ile ya wengi: unapiga past pepa mpaka swali ukiliona tu unajua linaanzia wapi. Kalkulasi ya semista hii naenda nayo vizuri. Shida ni Analisisi, lile somo la kuthibitisha kwa fasili yale ambayo kwenye kalkulasi tunayakokotoa tu. Mhadhiri anaingia, anaandika fasili, anaandika theoremu, anathibitisha, anafuta ubao, kaondoka. Tesiti ya kwanza nimepata 6 kati ya 20.

Swali moja lilisema: tumia fasili kuthibitisha kuwa mfuatano (2n+1)/(n+3) unaelekea 2. Nikagawanya juu na chini kwa n, nikapata 2, nikajua nimemaliza. Nimepewa sifuri swali zima!

Wenzangu wanazungumzia kuhamia Takwimu. Nyumbani nao wanasema hisabati tupu nitaajiriwa wapi, bora Ualimu. Naogopa sapu (kurudia mtihani), naogopa zaidi kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) na mkopo wa bodi ninao. Naombeni ushauri.

Mlala Kijiweni

Hama mapema dogo. Tangu nizaliwe sijaona tangazo la kazi limeandikwa "anatakiwa mwanahisabati".

Chaki Mkononi

Mlala Kijiweni usimtie mtoto presha. Kijana, kama ualimu unaupenda, mlango haujafungwa. Ukimaliza hiyo shahada unasoma stashahada ya uzamili ya elimu, unaingia darasani. Walimu wa Hesabu bado ni wachache, na shule binafsi huwa zinawatafuta kwa tochi. Ila usije Ualimu kwa kuikimbia Analisisi. Vyuo vingi, wanaosoma elimu na Hisabati kama somo la kufundishia nao wanaikuta hukohuko mbele.

Na kama unahama kweli, usikae unaulizia mtandaoni. Uhamisho wa kozi una dirisha lake, likifungwa limefungwa. Nenda ofisi ya udahili, halafu uulize na upande wa mkopo, kwa sababu kozi ikibadilika bodi nayo lazima ijue.

Mtu wa Epsiloni

Mdogo wangu, sifuri uliyopewa ni halali. Umekokotoa jibu wakati umeambiwa ulithibitishe. Ngoja nikuoneshe walichokuwa wanakitaka.

Chukulia ni mapatano ya bei. Mimi nakutajia epsiloni, namba chanya, ndogo kadiri nitakavyo. Wewe unanijibu N, na unaniahidi kuwa kuanzia hapo kwenda mbele kila namba ya mfuatano iko karibu na 2 kwa umbali chini ya epsiloni yangu. Nikitaja 0.01 unatakiwa uwe na jibu. Nikishuka mpaka 0.000001 pia uwe nalo.

Anza na umbali wenyewe. (2n+1)/(n+3) toa 2, weka asili moja: juu inakuwa 2n+1−2n−6, yaani −5. Kwa hiyo umbali ni 5/(n+3). Sasa hapa ndipo wengi hukwama, wanaanza kuhangaika na hiyo 3. Itupe! Ukipunguza asili, sehemu inakuwa kubwa (hii ni ya shule ya msingi kabisa), kwa hiyo 5/(n+3) ni ndogo kuliko 5/n. Inatosha 5/n iwe chini ya epsiloni, maana yake n izidi 5 gawanya kwa epsiloni. Nikikupa 0.01 unanijibu 500. Kwa hesabu kali hata 498 ingetosha, lakini hakuna aliyekuomba N iliyo ndogo kuliko zote.

Past pepa zitakusaidia baadaye. Kwa sasa, kila fasili anayoiandika mhadhiri, funga daftari uiandike mwenyewe, kisha tafuta mfano mmoja unaoitii na mmoja unaoikataa. Mfuatano wa 1, −1, 1, −1 uwe nao mfukoni muda wote, unaua madai mengi ya uongo. Na diskasheni isiwe ya kunakili majibu ya mmoja wenu. Kila mtu apande ubaoni, wengine wamuulize "kwa nini?" kila mstari.

Hao wanaokimbilia Takwimu waambie sheria ya namba kubwa (wastani wa majaribio mengi kuelekea wastani wa kweli) nayo inazungumzia kikomo, yaani ile namba inayoelekewa. Watakutana nacho tena.

Mama Bima

Kuhusu kazi: mimi nipo kwenye bima. Wanaokuja na shahada ya Hisabati tunawachukua, ila anayekuja na Hisabati peke yake anapitwa na mwenye Hisabati na kompyuta. Jifunze Python na R, lugha za kuandikia programu za kompyuta, zote ni za bure, anza likizo hii. Ukivutiwa na hesabu za bima kuna mitihani ya kitaaluma ya kimataifa, unaweza kuanza kuifanya ukiwa bado chuoni. Ada zake ni za kigeni na zinauma, kwa hiyo usijisajili kwa mkumbo.

Ukitaka kubaki chuoni kufundisha, vyuo vya umma wanaangalia GPA kuanzia 3.8, kwa hiyo hiyo Analisisi usiipitie kwa C.

Jirani wa Namanga

Niko upande wa Kenya na hadithi ni ileile, wengi hapa hupenda kurukia hesabu za bima kwa sababu ya jina. Mimi nilibaki kwa Hisabati. Usisahau AIMS, ile taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanza Cape Town mwaka 2003. Ina kituo Kigali pia, na huwa wanatoa ufadhili wa masters. Aljebra ya matriki ikikushinda, mihadhara ya Gilbert Strang, profesa mstaafu wa chuo cha MIT cha Marekani, iko YouTube bila malipo.

Kijana wa PCM

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Nimejaribu nyingine: (3n−1)/(n+2) inaelekea 3. Umbali ni 7/(n+2), ni chini ya 7/n. Kwa hiyo ipo N kubwa kuliko 7/epsiloni, kwa kila epsiloni. Nimepatia?

Mtu wa Epsiloni

Hesabu iko sawa kabisa. Sentensi ya mwisho ndiyo itakayokukatia alama. Umeanza na N, epsiloni ikaja nyuma. Kwa mpangilio huo unadai N moja inatosha epsiloni zote, na hilo lingewezekana tu kama mfuatano ungefika mahali ukawa 3 tupu. Mstari wa kwanza kabisa andika: "Acha epsiloni iwe namba yoyote kubwa kuliko sifuri." Ndipo uchague N. Irudie hivyo, kisha ujaribu n/(n²+1) kwenda 0, uiweke hapa tuione.